Pick-up Iliyolala Beni

Beni, tarehe 6 mwezi wa tatu 2000

Kwa Mama Agar, Kimemi, Butembo

Shemeji,

Nakusalimia wewe na batoto. Huku tuko salama. Muke wangu Élise bado iko Mabalako kwa bazazi bake juu ya mutoto muchanga, atarudi kiisha mavuno ya muchele.

Hapana kushituka kuona dereva wako Apollinaire anafika na karatasi bila pick-up. Gari imebaki kwangu. Juzi alitoka Mangina na mafuta yako ya mawese, akasimama mbele ya garage yangu, motere inalia kama mutu anasaga mahindi juu ya jiwe. Nikamuambia: «Zima, zima mara moja!» Nikafungua.

Nilitoa mukanda wa motere. Ukishaitoa, puli zote, yale magurudumu madogo mukanda unazungukia, zinabaki huru, unazungusha moja moja na mukono huku unasikiliza. Puli ya alternateur iko muzuri, inazunguka kimya. Ya pompe ya mayi inacheza: ukiishika na vidole viwili inaenda huku na huku, na mu mufereji wake chuma kimeanza kung'aa. Maana yake mukanda unateleza pahali pa kushika. Halafu ile puli ndogo inayokaza mukanda, rulma yake, ile duara ya gololi ya ndani, imekufa kabisa. Na mukanda wenyewe uko na mipasuko, na vumbi nyeusi imejaa pembeni.

Ukiilazimisha itembee vile, mukanda utaruka mu mulima, mayi haitazunguka tena, na motere itapikika. Hapo hakuna dawa.

Hapa Beni sikupata zile puli. Butembo, mu maduka ya pièces, utazipata. Tuma ya pompe ya mayi, ile ya kukaza, na mukanda mupya; namba zake nimeandika nyuma ya karatasi hii. Zikifika ni kazi ya asubuhi moja tu.

Mawese nilipakiza mu camion ya kuja Butembo. Apollinaire atakuonyesha mitungi yote.

Shemeji yako,
Zorobabel Sikuli

*

Butembo, tarehe 11 mwezi wa tatu 2000

Shemeji Zorobabel,

Barua nimepata, mawese pia. Nashukuru.

Nakutumia puli mbili na mukanda, vyote nimevifunga mu kipande ya kitenge. Nilienda mimi mwenyewe kununua, na fundi Maliro wa hapa Kimemi alinisindikiza. Alipima, akalinganisha na namba ulizoandika, akasema ndiyo yenyewe. Naye pia alisema: kazi ya asubuhi moja.

Sasa nisikilize. Mimi si mutu wa kuzunguka maneno. Wakati bwana yangu Salomon alikufa, ndugu zake balikaa mu sebule yangu siku ya kuondoa matanga. Muzee wenu akasema gari ya marehemu inafaa irudi mu mikono ya bandugu, mwanamuke hajui kuchunga gari. Batu sita balisema. Wewe, mudogo wake wa tumbo moja, ulikuwa umekaa karibu na mulango, na haukusema ndiyo, haukusema hapana. Ile kimya yako bado naisikia.

Gari ilibaki kwangu. Inatoa viazi Kanyabayonga, inaleta mawese, na batoto ba Salomon banasoma. Ni hiyo tu niko nayo. Kwa hiyo usishangae nikiuliza mara mbili.

Apollinaire atangoja hapo mpaka kazi iishe, arudi nayo.

Agar Kanyere

*

Beni, tarehe 16 mwezi wa tatu 2000

Shemeji,

Puli zimefika. Mais hazikai sawa.

Nikuelezee. Puli zote zinafaa kusimama mu mustari mumoja. Unachukua rula ya chuma, unaiweka mbele ya puli ya chini na ile ya juu, inafaa iguse zote mbili bila nafasi. Hapa iko nafasi. Mukanda ukienda upande, utakula puli mupya mu siku mbili. Nimerudisha zile za zamani juu gari isibakie wazi, na inalia vile ilikuwa inalia.

Donc inafaa tungoje. Hapana kutuma fundi mwingine. Hapana kumusumbua Apollinaire kuja na kurudi, barabara si nzuri. Nikiona nafasi nitakuandikia.

Tena jambo moja. Barua yako ilinifikia ikiwa wazi. Bahasha ilikuwa imepasuliwa na kubandikwa tena na ugali.

Gari haina haraka, shemeji. Motere yenye kulala haiitwe na mutu.

Zorobabel

*

Butembo, tarehe 24 mwezi wa tatu 2000

Zorobabel,

Nimesoma barua yako mara tatu, halafu nikamupelekea Maliro. Maliro alicheka. Anasema puli ya pompe ya mayi inafungwa na boulon ine mu shimo zake, haina njia ya kukaa upande. Ama ni yenyewe inaingia, ama si yenyewe haiingie. Yeye aliipima mbele yangu.

Halafu nikamuita Apollinaire. Nikamuuliza mbele ya Kasika, jirani yangu: «Uliona nini Beni?» Alikuwa anaangalia chini. Kiisha akasema: «Mama, ile siku ya pili asubuhi nilienda kuuliza kama kazi imeisha. Nikiwa bado ku barabara nilisikia motere ya gari yetu. Ilikuwa inazunguka muzuri, laini, hakuna kelele. Nilipoingia mu parcelle ilikuwa imezimwa. Muzee Zorobabel alitoka nyuma anapanguza mikono, akaniambia puli hazikai, nirudi Butembo.»

Unasema nini juu ya hiyo?

Na unasema bahasha ilifunguliwa. Unataka nifikiri ni Apollinaire? Ule kijana alimuendesha Salomon mpaka siku ya mwisho, alimubeba mu mikono kumuingiza hospitali. Wewe ulikuwa wapi?

Nakuuliza swali moja tu, na ujibu. Mbele ya kuifunga puli ya pompe mu kitenge, niliweka alama kwa ndani, pahali boulon zinaingia. Niliikwaruza na musumari. Kama puli iko mu mikono yako, iangalie, uniandikie ni alama gani. Ni kitu ya dakika moja. Usipojibu nitajua umeiuza ama umeiweka mu gari ya mutu mwingine.

Agar

*

Beni, tarehe 30 mwezi wa tatu 2000

Shemeji,

Juu ya alama, sitajibu mu karatasi.

Najua ni jibu mubaya. Niko nakuandikia nikiwa nimekaa mbele ya pick-up ya kaka yangu, na nimeanza hii barua mara ine. Naomba unikumbuke vile ulikuwa unanijua mbele ya matanga.

Hapa Beni, gari yenye afya iko na safari mingi siku hizi. Ya kwako ni mugonjwa. Uiache iwe mugonjwa. Batu banapita hapa kila siku ya pili, banauliza: «Ile puli ya Butembo ilikaa?» Nabajibu haijakaa. Banajua mambo ya gari yako kuliko mimi.

Hapana kuandika tena mambo ya motere. Andika salamu tu. Andika batoto banaendelea namna gani ku masomo. Kama uko na neno, ngoja Élise. Akifika Butembo mwezi wa tano ataongea nawe kwa mudomo.

Apollinaire, mupe kazi ingine. Simushitaki. Nasema tu mupe kazi ingine.

Zorobabel

*

Butembo, tarehe 6 mwezi wa ine 2000

Zorobabel,

Kumbe ni vile. Unaniambia niandike salamu, na gari yangu nisiulize. Unataka nimuondoe dereva mwenye kuwa na macho. Na alama haujui, juu puli hauna.

Sikulia. Nilivaa kitenge yangu ya kanisa, nikaenda ku bureau ya basoda benye kutawala hapa Butembo. Nilimukuta mukubwa mumoja, mutu wa heshima, iko na lunettes ku macho, alinipa kiti. Nilimuelezea yote. Alinisikiliza bila kunikata, akauliza gari iko wapi, iko garage ya nani, rangi gani. Akaandika karatasi, akaipiga muhuri, kachet yao, kwamba gari irudishwe kwa mwenyewe. Alisema atajulisha Beni na phonie, ile redio yao, hata mbele karatasi ifike.

Nilimuambia wazi: motere ni nzima, dereva wangu aliisikia, huyu mutu anadanganya.

Apollinaire atafika na ile karatasi kiisha siku tatu. Umupe ufunguo mbele ya batu. Kiisha hapo mimi na wewe tutaongea mbele ya jamaa yote, na safari hii hautakaa karibu na mulango.

Agar Kanyere, muke wa Salomon

*

Butembo, tarehe 16 mwezi wa ine 2000

Shemeji Zorobabel,

Ni siku kumi. Apollinaire hajarudi. Wewe hauandike. Nilienda ku parking kila asubuhi, nauliza bachauffeurs ba Beni. Mumoja aligeuza uso. Mwingine alisema hajui.

Jana Kasika alirudi kutoka kuuza leso Oicha. Tulikaa kwangu tunachambua majani ya sombe. Nikamuambia habari yote, nikifikiri atanisifu. Aliacha sombe. Aliniuliza: «Agar, uliwaambia basoda gari ni nzima?» Nikasema ndiyo. Akasema: «Tangu mwezi wa tatu banakamata pick-up zote za Beni zenye kutembea. Banaingia mu parcelle, banawasha, ikitembea banapakia masasi na kwenda nayo. Zile zimekufa tu njo zimebaki. Wewe haukusikia?»

Sikusikia. Nani angeniambia? Njia imekatika mara ngapi mwezi huu.

Nilichukua barua zako zote, nikazipanga juu ya meza. Gari yenye afya iko na safari mingi. Motere yenye kulala haiitwe na mutu. Nilifikiri ulikuwa unanichekelea.

Na ule mukubwa mwenye lunettes, niliporudi ku bureau kumuomba anisaidie kumutafuta Apollinaire, hakunipa kiti. Aliniuliza nataka nini.

Zorobabel, niandikie. Hata maneno mawili. Niambie sikufanya kile nafikiri nimefanya.

Agar

*

Mabalako, tarehe 24 mwezi wa ine 2000

Mama Agar,

Ni mimi Élise nakuandikia. Zorobabel hawezi kushika kalamu. Iko hai, nakuambia hiyo kwanza. Apollinaire pia iko hai, iko hapa kwetu. Hii barua inakuja na mama mumoja wa chorale ya kanisa yetu, ameishona mu leso ya mutoto.

Nakuelezea vile yeye ananielezea, sitapunguza.

Puli zako zilikaa. Zilikaa muzuri, asubuhi moja vile alisema. Aliziweka, akaweka mukanda mupya, akakaza mpaka ukiubonyeza na kidole unarudi kidogo tu. Akawasha. Njo ile sauti Apollinaire alisikia. Masikio yake hayakumudanganya.

Mais ile saa ile, basoda balikuwa mu parcelle ya jirani, kwa muzee wa scierie ya kupasua mbao. Balikuwa banatoa pick-up yake. Zorobabel alisikia muke wa ule muzee anapiga kelele, akazima. Apollinaire akaingia. Zorobabel alimuangalia, na hakujua kama ni mutu wa kuambia. Alikuwa ameshaona bahasha yako imepasuliwa, na nani alikuwa ameleta bahasha? Donc alimufukuza na uongo. Nilimuuliza: «Kwa nini haukumuuliza tu?» Alisema: «Ningemuuliza, angejua niko na kitu ya kuficha.»

Mu ile siku moja alitoa puli mupya zote mbili na mukanda mupya, akarudisha zile mubaya, akaniletea zile nzuri hapa ndani ya gunia ya muchele. Alisema: wakiwasha, ilie. Balikuja, baliwasha, ikalia. Baliondoka. Balirudi mara ine.

Sasa jua hii. Barua zako hazikufunguliwa na Apollinaire. Ku barrière ya njia basoda banashusha abiria bote, banakamata karatasi zote, banasoma, kiisha banarudisha. Apollinaire alifikiri ni kawaida, hakuona sababu ya kumuambia mutu. Zorobabel alifikiri ni yeye anawapelekea. Na wewe ulifikiri ni Zorobabel anakuibia. Basoda peke yao njo balikuwa banatuelewa sisi sote.

Kuhusu alama, hakuiona. Aliifunga haraka, na ulipomuuliza puli ilikuwa huku. Mimi nimeiangalia leo. Uliandika S.

Tarehe nane balifika basoda saba. Apollinaire alikuwa bado mu njia. Mukubwa wao alisema: «Mwenyewe wa gari ametupatia habari na mudomo wake. Anasema motere ni nzima na wewe ni muongo. Puli ya Butembo iko wapi?» Zorobabel akasema haikukaa, aliitupa. Baliweka mukono wake wa kuume juu ya meza ya kazi na bakachukua nyundo yake. Baliuliza tena. Alisema aliitupa. Angesema Mabalako, bangekuja kunitafuta mimi na mutoto. Sitaandika zaidi.

Balimulazimisha fundi mwingine akaze tu mukanda wa zamani juu ya puli zile zile mubaya. Baliondoka nayo na njia ya Mbau. Mu mulima wa pili mukanda uliruka, baliendelea tu, motere ikapikika mpaka ikasimama na moshi. Baliacha gari pale. Batu banasema imebaki chuma tupu, hata viti vimeondoka.

Apollinaire alifika na karatasi yako mu mufuko, akakuta garage imefungwa na Zorobabel amefungwa ku kambi. Angeweza kurudi Butembo. Hakurudi. Alienda ku kambi, akasema: «Mimi ni dereva wa ile gari, ule mutu ni jamaa yangu.» Bakamufunga naye siku mbili. Ndani ya kile kyumba alipasua shati yake akafunga mukono wa Zorobabel. Walipotolewa, juu katekista wa kanisa yetu alienda kuomba basoda kila asubuhi, Apollinaire alimubeba ku baiskeli mpaka huku, akisukuma mu vilima.

Muganga wa hapa amefanya vile anaweza. Vidole viwili havitakunjika tena.

Élise

*

Butembo, tarehe 29 mwezi wa ine 2000

Élise, dada yangu,

Barua yako ilinikuta nimesimama, nikaisoma nimesimama, kiisha sikujua pahali pa kukaa.

Sitasema sikujua. Sikujua habari ya basoda, ndiyo. Mais nilijua nilikuwa naenda kumushitaki mutu wa jamaa kwa batu benye bunduki, na nilivaa kitenge ya kanisa kwenda kuifanya. Nilipotoka ku ile bureau nilisikia furaha. Nakuambia juu unafaa kuijua. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwaza vile atashituka.

Tangu siku ya matanga nilikuwa na uchungu na sikuwa na mutu wa kuupa. Balisema batu sita, na nilimuchagua ule hakusema. Nilikuwa naogopa hao bengine. Yeye sikumuogopa.

Gari iache. Nilimuambia muzee wa jamaa gari imekufa, akaniuliza nani aliiua. Nikamujibu: mimi.

Muambie Apollinaire mama yake iko salama, nimeenda kumuona, nimemuachia unga na mafuta.

Na Zorobabel, sijui nimuambie nini mu karatasi. Karatasi njo zilitufikisha hapa. Nataka kuja. Nitakuja na miguu kama hakuna camion. Mais sitakuja kama wewe unakataa, juu ni wewe unaosha ule mukono kila siku. Kama ni hapana, andika hapana tu, nitaelewa.

Nilitaka pia kumuuliza kwa nini alinyamaza siku ile. Sasa naona sina haki ya kuuliza.

Agar

*

Mabalako, tarehe 5 mwezi wa tano 2000

Mama Agar,

Nimemusomea barua yako. Kiisha akasema: «Aje.» Juu ya ile siku ya matanga, alisema utamuuliza wewe mwenyewe, na atakujibu. Mimi sijui jibu, hajaniambia hata mimi.

Mchana banakaa na Apollinaire nyuma ya nyumba na motere ya mashini ya kukoboa muchele. Zorobabel anasema, Apollinaire anafungua. Banagombana kabisa. «Si huko, sikiliza kwanza!» Apollinaire anajibu: «Muzee, nasikiliza, ni wewe hautaki kuniambia kitu.» Kiisha bote babili banacheka, na mimi naenda mu jikoni juu basinione uso.

Sasa ni zamu yangu kusema. Umeniandikia ukweli na nashukuru. Nitakupikia, nitakupa kitanda, mutoto utamubeba. Mais hapana kuniomba msamaha siku ya kwanza. Kila asubuhi nafungua ule mukono, naona vile vidole, na jina lako linakuja mu mudomo yangu vibaya. Najua umeumia. Najua ungeliambiwa haungelifanya. Moyo wangu haujafika pale, na sitadanganya, juu uongo wa kusaidia batu tumeshauona.

Njia ya kutoka Beni inafunguliwa siku ya soko tu, siku ya tano ya juma. Kuja siku hiyo. Hapana kubeba barua, hapana kubeba karatasi yoyote isipokuwa ya kwako ya kujulikana.

Utanikuta mu shamba ya muchele, upande wa mutoni. Utaniona mbele mimi nikuone. Hapana kuniita kwa mbali. Fika karibu.

Élise